Karani wa Simu ya Darajani

Simu ilipolia, Karani alisimama kwanza. Sikupata kumwona akiipokea ameketi. Alisimama, akafunga vifungo vya koti lake jeupe, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kuhutubia, ndipo akanyanyua ile pembe nyeusi na kuiweka kwenye sikio la kushoto. "Naam!" alisema, na punda waliofungwa nje ya hema wakainua vichwa. Sisi tuliokuwa ng'ambo ya mto tuliisikia naam hiyo vizuri kuliko yule aliyepiga simu.

Ilikuwa miaka ile reli ilipokuwa ikisogea kutoka Tabora kwenda Mwanza, nasi tulikuwa tukijenga daraja kusini ya Shinyanga. Mimi, mtu wa Samuye, nilikuwa fundi seremala. Nilitengeneza masanduku ya mbao, zege likamwagwa ndani yake, likakauka, likawa nguzo. Mto wenyewe kiangazi ulikuwa mchanga mtupu. Ng'ombe walipita katikati yake bila kulowa kwato, na mgeni angeweza kukuuliza daraja la nini.

Waya wa simu ulitoka bohari, mahali reli ilipokuwa imefikia, ukaja kwetu darajani, kisha ukapanda na mto mpaka machimbo ya mawe. Injinia aliuleta ili kazi isisimame tukingoja mtu wa miguu alete habari. Ukishakuwa na waya unahitaji mtu wa kuulinda, na huyo ndiye alikuwa Karani. Alisema ni mtu wa pwani. Pwani ni ndefu, na hatukumwuliza ni pwani ipi, kwa sababu ukimwuliza swali moja alikujibu matatu ambayo hukuuliza.

Hakuna aliyeruhusiwa kuingia kwenye hema la simu. Hata Masanja, nyapara wa waashi, mtu mzima mwenye wake wawili na sauti ya kuogopwa, alisimama nje kwenye jua na kusema shida yake kupitia upenyo wa turubai. Karani aliisikiliza, akaitafakari, kisha akaipeleka kwenye waya baada ya kuivisha nguo.

"Waambie mawe yamekwisha," Masanja alisema siku moja.

Karani akazungusha mkono wa simu. "Halo, machimboni! Kwa heshima na taadhima, mnafahamishwa ya kwamba hali ya mawe huku kwetu imefikia mahali pa kusikitisha!"

Kule machimboni simu ilishikwa na Maganga, Mnyamwezi mmoja mpole asiyejua maneno ya mzunguko. Akauliza, "Amekufa nani?"

Mawe yalikuja keshoye. Pamoja nayo walikuja watu wawili wa machimboni na kuku, wamekuja kutupa pole.

Nikisema hivi mtu ataona Karani alikuwa mpumbavu. Hakuwa mpumbavu. Ungeugua homa pale kambini, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukuletea chai ya tangawizi, na angekaa kitandani kwako akipunga nzi na kukusimulia uongo wa Unguja mpaka usingizi ukuchukue. Alijua jina la mama wa kila mtu. Aliwaandikia wake zetu barua nzuri kiasi kwamba wengine walirudi nyumbani wakaulizwa mbona hawasemi kama wanavyoandika. Lakini ukipona na ukasogea karibu na hema la simu, alikutazama kana kwamba hajapata kukuona.

Aliogopa ng'ombe. Kundi likipita, na katika nchi ile makundi hupita kutwa, alipanda juu ya meza ya simu na kukaa pale akiwa ameshika pembe, ili mtu akimwona aseme yuko kazini. Mama Kabula, aliyetupikia, alimpelekea chakula siku moja akamkuta juu huko na ndama mbele ya mlango.

"Karani, shuka ule."

"Niko kwenye mazungumzo, mama."

"Mazungumzo na ndama?"

Adui yake mwingine alikuwa yeyote aliyependa bangili. Waya ule uling'aa, na Wasukuma wenzangu waliuona ukining'inia porini hauna mwenyewe. Simu ikikatika, Karani alikwenda gulioni na kuwakagua watu mikono. Alimsimamisha bibi mmoja aliyejaza bangili toka kifundoni mpaka kwenye kiwiko, akamwambia kwa huzuni, "Bibi, umevaa mazungumzo ya Injinia." Bibi akamjibu kwa Kisukuma. Karani akanigeukia nimtafsirie. Nikamwambia bibi anakusalimu.

Sasa niseme habari ya masikio yake, maana bila hayo hakuna cha kusimulia. Sikio la kulia lilikuwa limekufa zamani. La kushoto lilikuwa njiani. Wote tulijua. Ukimwita kutoka kulia aliendelea na safari yake; ukimwita kutoka kushoto aligeuka na kusema, "Usinipigie kelele, nasikia." Neno lake kubwa lilikuwa hilo, pamoja na jingine: "Nimekwisha sikia." Hilo la pili alilisema kabla hujamaliza kusema. Mtu aliyeajiriwa kusikia hawezi kuomba arudiwe, au ndivyo alivyoona yeye. Nasi hatukumwambia Injinia, kwa sababu tulikuwa tukimcheka, na anayekuchekesha kila siku huna haraka ya kumfukuzisha.

Kicheko kilipungua siku ya misumari. Nilikuwa nimeishiwa misumari mirefu, na bila hiyo masanduku yangu hayashikani. Nikasimama kwenye upenyo wa turubai, nikamwambia Karani. Akapiga bohari. Punda wakaja na masanduku mazito, tukayafungua mbele ya Injinia. Ndani mlikuwa na mishumaa. Mieupe, mizuri, imepangwa kwa nyasi, ya kutosha kanisa la Wamisheni kwa Pasaka zote zilizobaki.

Injinia akatazama mishumaa, akanitazama mimi. "Utaipigilia na nini?" akaniuliza.

Kazi ikasimama mpaka misumari ilipokuja. Nilipaka mishumaa kwenye msumeno wangu na ukakata vizuri sana, lakini hilo sikulisema kwa sauti.

Tukakaa kwa Mama Kabula, penye chungu cha ugali, kutafuta dawa. Kila mtu alikuja na mkosaji wake. Masanja alisema kosa ni la ulimi wa pwani, unameza maneno katikati. Mmanyema mmoja wa bohari aliyekuja na punda alisema kosa ni la ndimi za Wasukuma, r na l kwao ni ndugu mmoja. Mimi nikasema kosa ni la sikio, na wote wakaangalia upande aliokuwa ameketi Karani, kushoto kwangu, akila kwa utulivu, hajasikia. Hakuna aliyethubutu kuendelea na njia hiyo.

Tukabishana mpaka ugali ukapoa. Masanja akasema kitu kimoja, yule Mmanyema akakipinga, Mama Kabula akakinyoosha, mimi nikakiongeza, na mwisho kikatoka kitu ambacho hakuna aliyeweza kusema ni chake. Tukakubaliana hivi: kila kitu kitajwe pamoja na kazi yake. Usiseme misumari, sema misumari ya kupigilia. Usiseme mishumaa; sema mishumaa ya kuwasha. Na aliyepokea arudie alichosikia, na aliyepiga asiweke pembe chini mpaka asikie maneno yake yakirudi.

Kesho yake Karani akampelekea Injinia utaratibu huo. "Utaratibu wangu," alisema, "kwa ajili ya hawa watu." Injinia akampa mkono. Maganga machimboni akaupokea kama dini. Bohari wakaufuata. Aliyeukataa alikuwa mmoja tu.

"Mimi nirudie maneno kama kasuku?" Karani aliniambia. "Huo ni wa wale wasiosikia."

Hapo ndipo lazima nimtaje Meja. Alikuwa mkaguzi wa kazi zote za reli, mwanajeshi wa zamani, mwembamba, mwenye macho yasiyopepesa. Akikuta jembe limelala chini alimfukuza mwenye jembe na nyapara wake. Injinia mwenyewe aliposikia jina lake alijishika shingo. Karani alimwogopa kuliko ng'ombe.

Siku ninayoisema Injinia alikuwa amekwenda bohari. Jua lilikuwa kali, mto mkavu, waashi wote wako kwenye majukwaa ya miti. Luhende, kijana wa Ushetu mwenye mabega mapana, alikuwa chini kabisa ndani ya shimo la msingi, karibu na pampu ya kuvuta maji ya chini. Pampu ile ilikuwa na kelele ya kuua mazungumzo yote. Mimi nilikuwa ukingoni, hatua chache kutoka hema la simu, nikipiga randa.

Simu ikalia. Nikasikia vifungo, kikohozi, "Naam!" Kisha, "Nimekwisha sikia!" na pembe ikagonga chini. Karani akatoka mbio, uso umebadilika rangi.

"Meja anakuja!" akapiga kelele. "Meja anakuja! Wote chini! Wote mtoni!"

Akashuka yeye mwenyewe, koti likipepea. Akawatoa watu kwenye majukwaa. Akawapanga kwenye mchanga katikati ya mto, waashi upande huu, wabeba zege upande ule, majembe yote yaelekee kaskazini. Akawapa wengine matawi wafagie. Ndiyo, mto ulifagiwa. Naona mpaka leo watu wazima wakifagia mchanga wa mto, na Karani akitembea nyuma yao akiwaonyesha majani waliyoyaacha.

Simu ikalia tena.

Masanja alikuwa amepanda ukingoni kufuata kofia yake. Tukatazamana. Hema lilikuwa tupu na simu ilikuwa inalia, na sisi wanaume wawili tulisimama nje tukitunza sheria.

"Karani!" nikaita. "Simu!"

"Iache ilie!" akajibu kutoka mtoni; alinisikia maana upepo ulikuwa unakwenda kwake. "Ni Meja huyo, anataka kujua kama tuko tayari. Tukishamaliza kufagia nitamjibu!"

Ikanyamaza. Ikalia tena, safari hii bila kupumua, kama mtu anayezungusha mkono wa simu kwa mikono miwili. Masanja akatema mate, akaingia. Nikamfuata. Akaishika pembe juu chini, nikamgeuzia.

Sauti ya Maganga ilinifikia hata pale nilipokuwa nimesimama. "Amepokea nani? Mbona hakurudia? Nasema maji! Maji ya mto! Maji ya kuzamisha watu, yamepita hapa sasa hivi na miti mizima! Rudia!"

"Maji ya mto," Masanja akasema. "Maji ya kuzamisha watu."

"Ndiyo!"

Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, nchi ambayo hatukuiona. Kwetu hapakuwa na wingu.

Masanja akatoka na ile sauti yake, na kwa mara ya kwanza nikamshukuru Mungu kwa ajili yake. Watu wakatupa matawi na majembe, wakapanda ukingo kwa kucha. Hawakuwa wote wamefika juu tulipoanza kusikia mvumo, kama mkokoteni mkubwa mno unaburutwa kwenye kokoto. Na chini ya mvumo huo pampu ilikuwa bado inanguruma, maana Luhende alikuwa shimoni na hakuna aliyemwambia kitu.

Tukaita. Tukarusha mawe. Mmoja akarusha ndoo. Wote tuliona kwamba lazima mtu ashuke, na kila mmoja alikuwa akitazama ni nani.

Karani alikuwa tayari yuko kwenye ngazi. Sijui nani alimweleza habari ya maji, au kama aliusoma mvumo kwenye nyuso zetu. Alishuka shimoni na koti lake jeupe. Tukamwona akimshika Luhende bega, Luhende akageuka na kucheka, akidhani ni mambo ya Meja. Karani akampiga kofi. Ndipo Luhende akapanda, na Karani nyuma yake akimsukuma kwa kichwa. Tukatupa kamba. Maji yalipofika yalileta jukwaa langu lote mbele yake, mbao na miti, na boriti moja ikabana mguu wa Luhende kwenye ukuta wa shimo. Tuliwavuta wote wawili, tukilia. Karani hakuiachia kamba wala hakumwachia Luhende. Mguu ulitoka umevunjika mahali pawili, na haukunyooka tena maisha yake yote.

Wanaume thelathini walisimama ukingoni. Yeye ndiye aliyetupeleka mtoni tukafagie. Yeye ndiye aliyeshuka. Tulitaka kumchukia, ikatushinda kuanza vizuri.

Yeye hakupata shida hiyo. Jioni, akiwa amevaa shuka wakati koti linakauka, nilimsikia akimweleza Mama Kabula kwamba ilikuwa busara kuwakusanya watu mahali pamoja, ili iwe rahisi kuwaokoa.

Kisha Meja akaja kweli. Akatazama mto ulivyosafisha kazi ya miezi, akaweka kiti chake mbele yetu.

"Machimbo wanasema walipiga simu. Nani alipokea?"

Sikio la kushoto la Karani lilikuwa upande wake, akasikia kila neno. "Waya ulikuwa na hitilafu, bwana. Twiga."

"Twiga?"

"Aliukata kwa shingo, bwana. Habari ikafika nusu."

Meja akamgeukia Masanja. Masanja akatazama miguu yake muda mrefu. "Twiga," akasema. Akaja kwangu. Nikasema twiga. Akaingia kwenye hema alimolala Luhende na mguu wake kwenye vipande vya mbao nilivyomkatia mwenyewe. Tukamsikia Luhende akijibu, kwa maumivu, "Twiga, bwana. Mkubwa sana."

Meja akaridhika. Akaamuru nguzo zote za simu, kutoka bohari mpaka machimbo, zing'olewe na zisimikwe nyingine ndefu kupita shingo ya twiga yeyote.

Tulifanya kazi hiyo sisi. Tuliifanya wakati mvua zimefika na kwetu pia, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaokuvua viatu, halafu unakuvua nguvu. Tulikata miti mirefu, tukaibeba, tukaisimamisha, ikalala, tukaisimamisha tena. Masanja alimtukana twiga yule kila asubuhi kwa jina la mama yake. Karani alikuja kututazama akiwa na mwavuli na birika la chai ya tangawizi. Alipita kwa kila mtu akimmiminia. "Pole na twiga," alituambia, na naapa alikuwa ameshaamini.

Daraja lilikwisha, gari moshi likapita, kila mtu akaenda zake. Luhende nilimwoza binamu yangu, akakaa Samuye jirani yangu, akafuga kondoo kwa kuwa ng'ombe walimshinda mwendo.

Miaka ikapita. Dhahabu ilipoanza kuchimbwa Geita, watu wa mbao wakatafutwa, nami nikaenda. Walikuwa wanajenga nyumba ya mashine ya kusaga mawe. Vinu vidogo vilivyokwisha kusimikwa vilipiga kutwa, na pale kiwanjani mtu hakusikia hata mawazo yake. Amri zote zilikuwa za mikono. Mtu mmoja alisimama juu ya jukwaa, wote wamwone, na watu wa winchi, wale wa kuzungusha minyororo ya kuinulia vyuma, walitazama viganja vyake tu. Viganja vikielekea juu, pandisha. Vikielekea chini, teremsha. Ngumi, simama hapo hapo. Wasukuma, Wazinza na Wasumbwa wa pale hawakuelewana lugha, lakini mikono hiyo waliielewa.

Siku yangu ya kwanza nikapelekwa chini ya mashine, kuelekeza chuma kizito kikae kwenye bolti zake. Chuma kilikuwa kinashuka na minyororo juu ya kichwa changu. Nikainua macho kumtafuta mtoa ishara. Alikuwa Karani. Ndevu nyeupe, koti jeupe, amesimama wima kama anasubiri wimbo wa serikali. Walisema hasikii hata radi, na kwamba hapakuwa na mkono kama wake kiwanjani pote.

Naye akaniona. Akakunja ngumi. Chuma kikasimama juu yangu.

"Fundi!" akapaza sauti, na sauti hiyo ilivishinda vinu. "Fundi wa Samuye! Hujambo?"

Watu wa winchi wakabaki wameshika, mishipa imewatoka. Nikaamkia kwa kichwa. Hakutosheka.

"Mama watoto hajambo? Watoto? Shamba? Mvua mmepata?"

Nikatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikitazama mnyororo ukitetemeka.

"Na Luhende?" akauliza. "Mguu wake?"

Luhende tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Kifua. Sikuwa na sauti ya kumfikia mtu yule, hakuna aliyekuwa nayo. Nikainama nikaonyesha ardhi, nikaipapasa kwa kiganja kama mtu anayesawazisha udongo.

Alielewa mara moja. Uso wake ulishuka wote. Luhende hakuwa Mwislamu, lakini Karani hakuuliza hilo. Akafumba macho, akafungua ngumi, akainua viganja vyote viwili juu kumwombea dua.

Watu wa winchi wakaona viganja. Wakazungusha. Chuma kikaanza kupanda.

Kilipanda polepole, kikaniachia jua usoni, kikapita jukwaa, kikapita kichwa chake, na yeye macho yamefumbwa, midomo inakwenda. Aliomba kwa kirefu. Hakuna aliyecheka. Vijana walizungusha winchi wakimtazama mzee analia, na nadhani baadhi yao hawakujua tena kama wanafanya kazi au wanaomba naye.

Kisha akasema amina, akajipangusa uso, mikono ikashuka, na chuma kikashuka nayo mpaka kikanifikia. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikakielekeza kwenye bolti zake, kikakaa.